Kavera kwenye sufuria ya matoke: nianze kuacha kipi?

HajatiWaJiko, Bombo

Salaam aleikum jamani. Mimi ni mpishi, nina kibanda cha chakula hapa Bombo kando ya barabara ya kwenda Gulu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kiswahili changu msikicheke: baba alikuwa askari, nyumbani tunasema Kinubi, sokoni Kiganda, na nusu ya wateja wangu ni wanajeshi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachoniuzia chakula.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumanne iliyopita nilifunua sufuria kubwa ya matoke saa sita kasoro, kama siku zote. Mnaopika mnajua: chini nimepanga mashina ya majani ya mgomba ili matoke yasiguse maji, juu yake matoke yenyewe yamefungwa kwenye majani, na juu kabisa nimefunika kavera, yaani mifuko ya plastiki, nyeusi mbili nikazisokomeza pembeni mwa sufuria. Bibi yangu alifunika kwa majani matupu, lakini bibi hakuwa akinunua makaa. Jani likikauka linapasuka, mvuke unakimbia, na gunia la makaa siku hizi halikamatiki. Kavera haipasuki. Inavimba juu ya sufuria kama tumbo la mjamzito na matoke yanaiva laini kabisa.

Sasa siku hiyo nilipoivuta ile kavera ya chini ilikuja na tundu, ukubwa wa kiganja changu. Kipande chenyewe sikukiona. Nikasema kitakuwa kimebaki kwenye majani, watu wanangoja, nikaponda nikapakua. Kuna mzee mmoja, mteja wangu tangu nafungua, mtu mpole sana. Alikula tonge mbili tatu, akatia vidole mdomoni, akavuta uzi mweusi mrefu, unanyumbuka kama ubani. Akaulaza ukingoni mwa sahani. Akaendelea kula! Alipomaliza akalipa, akaniambia, "Binti yangu, leo umenipa chakula pamoja na mfuko wake."

Watu walicheka, mimi sikucheka.

Jioni baada ya kufunga nikavuta kigoda nikakaa katikati ya jiko, nikaanza kuhesabu plastiki kwa macho. Jerikeni za njano za maji, sita. Beseni jekundu la kuoshea vyombo na beseni jeusi ninalolaza nyama ndani yake na ndimu, chumvi na tangawizi usiku kucha. Vikombe vya chai. Mwiko mweusi wa kugeuzia chapati, ncha yake imeliwa na moto, na sijui ile ncha imekwenda wapi, au najua ila sitaki kusema. Chupa za soda ninazojazia juisi ya pasheni. Kavera ndogo za kufungia chakula cha kubeba: maharage, mchuzi wa karanga, hata chai ya maziwa ya mafundi wa jengo la jirani, tunamimina ikichemka tunapiga fundo. Ndoo ya mafuta ya kukaangia. Na kavera chakavu ninazowashia makaa asubuhi, maana hakuna kitu kinachoshika moto upesi kama hicho.

Binti yangu yuko kidato cha nne, anasema vyote hivyo ni saratani. Shemeji yangu anasema hizo ni hadithi za wazungu ambao wamekosa cha kuogopa. Mimi nimekaa katikati yao na sufuria yangu.

Sitaki mtu aniambie "acha plastiki". Nikiacha vyote nafunga kibanda. Swali langu ni moja: kama wiki hii naweza kuacha kitu kimoja, au viwili, nianze na kipi? Na kwa sababu gani, ili niweze kumjibu shemeji.

boda_wa_stendi

Hajati, mimi nakula rolex, ile chapati ya mayai, iliyofungwa kwenye kavera kila asubuhi tangu 2012 na bado naendesha boda. Kitakachoniua ni kavera au ni malori ya hiyo barabara yako ya Gulu? Ila yule mzee ungemrudishia hela yake.

FundiMashine, Jinja

Hajati, nimefanya kazi miaka sita kwenye karakana ya plastiki Kampala, eneo la viwanda, na nusu ya kidole cha kati niliiacha kwenye mashine yao. Kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyezipika hizo kavera.

Kavera inaanza kama punje, ukubwa wa mchele. Mashine inaziyeyusha, halafu hewa inapuliza ule uji unapanda juu kama puto refu linalokaribia dari, linapoa, linakunjwa, linakatwa. Punje zikiwa mpya, puto linatoka jeupe unaliona mpaka upande wa pili. Ukiona nyeusi jiulize kwa nini ni nyeusi. Kwetu ilikuwa nyeusi kwa sababu tulitia mabaki: magunia ya mbolea, nailoni za kufunikia bidhaa, kavera zilizookotwa mitaroni. Ziliwekwa kwenye pipa la maji, na maji ya pipa hilo yalibadilishwa jioni. Mabaki ya rangi kumi ukiyayeyusha pamoja unapata rangi ya matope, na mteja hanunui matope, basi unamwaga rangi nyeusi, ile tunayoita masitabechi, kila kitu kinafichika. Sisemi kila kiwanda kinafanya hivyo. Nasema wewe ukiishika mkononi huwezi kujua.

Polithini yenyewe, plastiki inayotengeneza kavera, ikiwa safi si mbaya kiasi hicho. Ni kaboni na haidrojeni tu. Mashaka yako kwenye vinavyochanganywa nayo: rangi, vilainishi, vitu vya kuizuia isishikane, na uchafu wa mabaki.

Sasa tundu lako. Polithini laini inayeyuka kwenye nyuzi kama 105 hadi 115. Huku kwetu tuko juu, Kampala ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo mvuke peke yake hauyeyushi kavera, unailegeza tu. Lakini wewe umeisokomeza pembeni, imegusa ukuta wa sufuria, na ukuta wa sufuria juu ya mstari wa maji unalambwa na moto wa sigiri, hapo ni joto jingine kabisa. Ikashika bati, ikanyumbuka, ikakatika. Mzee alipewa ile iliyokatika. Na ile ambayo haikukatika nayo imekaa saa mbili ikitokwa jasho juu ya chakula, matone yanarudi kwenye matoke. Ni kama kuosha kavera kwa maji ya moto halafu kuyapikia.

Kanuni tuliyokuwa nayo sisi mafundi, na hatukuisoma popote: plastiki inaogopa vitu vitatu, joto, mafuta na muda. Kimoja inavumilia. Viwili inaanza kutoa vilivyomo. Ukileta vitatu pamoja, umeipika. Pima jiko lako kwa hiyo. Maji baridi kwenye jerikeni: muda tu. Mchuzi wa karanga unaotokota ndani ya kavera ndogo: joto na mafuta, na mteja akipanda taksi mpaka Kampala, muda pia. Hiyo ya mchuzi kwangu ni mbaya kuliko hata ya matoke, kwa sababu matoke angalau yana jani katikati.

Beseni jeusi la nyama, liondoe. Mabeseni ya bei rahisi ni mabaki yaleyale niliyokueleza, yametengenezwa kwa kufulia. Tafuta la aluminiamu au bakuli la bati lenye rangi ya kauri, hata la mtumba.

Halafu geuza vyombo vyako usome kitakoni. Kuna pembetatu ya mishale na namba ndani. Watu wanadhani hiyo pembetatu ni muhuri wa usalama. Siyo. Inasema tu hii ni plastiki ya aina gani. Namba 1 ni chupa za maji na soda: zinalegea kwenye nyuzi 70 na kitu, usitie chai, utaiona inajikunja yenyewe. Juisi yako baridi haina neno, hapo ogopa zaidi vijidudu, maana ile shingo haioshiki. Namba 2 ni jerikeni. Namba 4 ni kavera laini. Namba 5 ndiyo inayostahimili joto kuliko wenzake. Namba 3 na 6 usizikaribishe kwenye chakula cha moto. Namba 7 ni "mengineyo", yaani jina la mtoto asiyejulikana baba.

Jerikeni nazo: kama uliinunua na mafuta ya kupikia ndani, sawa. Kama uliinunua tupu kwa mchuuzi, fungua mfuniko unuse baada ya kukaa juani. Plastiki inakunywa kilichowekwa ndani yake. Dawa ya magugu ikikaa mwaka kwenye jerikeni imeingia mwilini mwa jerikeni, hata uoshe na mchanga na majivu haitoki yote. Hiyo ndiyo plastiki ninayoiogopa mimi kijijini, na hakuna anayeizungumzia.

Ya kuwashia makaa nawaachia wenye taaluma, lakini nimeona ulivyoitaja mwishoni kama kitu kidogo.

NesiMkunga_WestNile

Nimetoka zamu ya usiku, mnisamehe nikirefusha. Hajati, kaka Fundi amekujibu vizuri, ila mimi nilipofika pale kwenye kuwashia makaa nilirudi kusoma mara ya pili. Umeuliza kuhusu sufuria, na hatari kubwa jikoni kwako iko chini ya sufuria. Kama ni kimoja wiki hii, ni hicho.

Kavera ikiwa kwenye chakula tunabishana juu ya kiasi gani kinatoka, kidogo au kikubwa, miaka mingapi. Kavera ikiungua hakuna ubishi. Ule uji mweusi unaodondoka ukiwaka na ule moshi unaokwaruza koo ni masizi na gesi zinazoingia moja kwa moja kwenye mapafu yako, ya msaidizi wako, na ya mtoto kama kuna anayebebwa mgongoni. Na hutawasha kavera tupu. Kwenye fungu la takataka mna kipande cha waya, soli ya kandambili, kipande cha bomba, vingine hivyo ni namba 3 ya Fundi, ambayo ina klorini ndani. Klorini ikiungua kwenye moto mdogo wa moshi inazaa sumu ziitwazo dioksini. Dioksini kali kuliko zote, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 1997 kwenye kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, bila "huenda". Inakaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka, na mama anaipitisha kwenye maziwa. Majivu yake nayo ukiyamwaga kwenye bustani ya mboga umeyarudisha mezani.

Shemeji anayesema ni hadithi za wazungu mwambie aje asimame juu ya sigiri dakika tano asubuhi wakati unawasha. Hatauliza tena.

Sasa ya binti. Anakosea kidogo, lakini hakosei sana. "Vyote ni saratani" si kweli. Kinachowasumbua zaidi wataalamu ni homoni. Kuna kitu kinaitwa bisfenoli A. Mwaka 1936 mtafiti wa Uingereza, Edward Charles Dodds, alionyesha kwamba kinafanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike. Hakikuwa dawa mwishowe, miaka ya baadaye kikawa malighafi ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ile ya mitungi mikubwa ya maji ya ofisini, na utando wa ndani wa makopo. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto 2011. Mwaka 2023 wakala wao wa usalama wa chakula ulishusha kiwango wanachoona ni salama kwa siku mara 20,000. Elfu ishirini! Na mwishoni mwa 2024 wakapitisha marufuku kwenye vitu vinavyogusa chakula, kwa hatua. Kavera yako haitengenezwi kwa bisfenoli A, hilo mweleze binti, asichanganye. Lakini kavera ya mabaki, kama Fundi alivyosema, nani ajuaye mna nini.

Kingine ni fithaleti, vilainishi vya plastiki laini za namba 3. Kwa wanyama wa maabara baadhi yake zinavuruga homoni ya kiume ya mtoto akiwa bado tumboni. Mimi nafanya kazi na wajawazito, kwa hiyo hapo ndipo ninapokaza sauti. Mama mwenye mimba na mtoto wa chini ya miaka miwili ndio wa kulindwa kwanza. Wazee tayari tumeshajengeka.

Na zile chembechembe ndogo za plastiki. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wakazikuta kwa 17. Mwaka 2024 wenzao wa Italia walichunguza uchafu uliotolewa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa 257: zaidi ya nusu, asilimia 58, walikuwa na polithini ndani ya ule uchafu. Ndiyo, polithini, ndugu yake kavera. Waliokuwa nayo walipata kiharusi au mshtuko wa moyo, au kufariki, kwa kiwango cha mara 4.5 ya wasiokuwa nayo, ndani ya miaka kama mitatu. Hiyo haithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyowapiga, huenda waliokuwa nayo walikuwa na mambo mengine. Lakini mimi tangu nisome hilo chai ya kwenye kavera imenishinda.

Wenye watoto wachanga: mwaka 2020 watafiti wa Dublin walitikisa maji ya moto kwenye chupa za kunyonyeshea za namba 5, ile ile "inayostahimili joto", wakahesabu chembe mpaka milioni 16 kwa lita moja. Dawa yake ni rahisi. Chemsha maji, changanya maziwa au uji kwenye bakuli la chuma au kauri, acha yapoe, ndipo umimine kwenye chupa. Usitikise ya moto ndani ya plastiki.

Mwiko mweusi nao una kisa. Mwishoni mwa 2024 utafiti mmoja wa Marekani uliwatisha watu kuhusu miiko myeusi ya plastiki, eti kemikali za kuzuia moto kutoka televisheni chakavu zimefikia karibu na kikomo cha hatari. Watu wakaitupa. Halafu mtu mmoja akarudia hesabu yao: 60 mara 7,000 waliandika 42,000. Ni 420,000. Walikosea sifuri moja, kikomo kilikuwa mbali mara kumi. Kemikali zilikuwamo kweli, hofu ndiyo iliyozidi. Nakwambia haya ili mtu akikuletea video ya kutisha kwenye simu umuulize kwanza amehesabu vipi. Lakini mwiko wako wenye ncha iliyoliwa, Hajati, huo utupe bila hesabu yoyote. Mwiko wa mti unauzwa bei gani?

Msafiri_Busia

Niko upande wa Kenya wa mpaka. Sisi tunaita juala. Tangu Agosti 2017 zimepigwa marufuku huku, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni nne za Kenya au jela miaka minne, si mchezo. Siku moja nimevuka kutoka kwenu na mkate na mandazi ya mtoto, askari akaniambia mama, hiyo juala haivuki. Nikasimama palepale nikatoa mandazi moja moja nikayaweka kwenye leso. Nilikasirika sana. Lakini wauza chakula wa huku walizoea ndani ya miezi michache tu, mteja anakuja na kibakuli chake. Nyinyi huko serikali si ilikataza kabla yetu?

FundiMashine, Jinja

@Msafiri_Busia ilikataza, dada. Ilitangazwa kwenye bajeti ya 2009, miaka minane kabla yenu. Sheria ya Mazingira ya 2019 ikakataza tena zile nyembamba za chini ya maikroni 30. Sasa niambie muuza nyanya wa sokoni anapimaje maikroni 30. Unywele wa kichwa chako ni kama 70. Sisi karakana tulikuwa na kipimo chake, kizuri, kimetoka nje. Kilikuwa kwenye droo ya bosi, na kilitoka siku ya wageni.

HajatiWaJiko, Bombo

Nimerudi baada ya siku tisa. Nimesoma yote, mengine nimesomewa na binti, ambaye sasa anatembea kama mwalimu mkuu kwa sababu nesi alisema hakosei sana. Ile sehemu ya "anakosea kidogo" aliiruka.

Kuwashia makaa na kavera nimeacha siku ileile. Nakiri siku tatu za kwanza nilitukana. Nilijaribu karatasi, zinawaka zinazimika. Kisha mama mmoja mzee wa hapa akaniuliza, kwani magome makavu ya mgomba umeyaona lini mara ya mwisho? Yako nyuma ya nyumba yangu! Nasokota gome kavu, naweka vigunzi vya mahindi viwili juu, kisha makaa madogo. Inachukua dakika kumi zaidi. Msichana anayenisaidia alikuwa na kikohozi cha asubuhi, kila asubuhi, tulizoea kumtania anawasha pikipiki. Sitaki kusema kimepona, siku tisa ni chache, ila juzi nilimuuliza pikipiki iko wapi.

Matoke. Nimerudi kwenye majani. Nafunga tabaka mbili, nafunika tabaka ya tatu iliyoloweshwa maji, nageuzia sinia la bati juu na jiwe juu ya sinia. Mvuke unatoka kidogo pembeni, si sana. Majani nanunua ya 1,500 kwa siku, kavera zilikuwa 400. Makaa yameongezeka kidogo, nimeshindwa kupima kwa sababu mvua imenyesha na makaa yalikuwa na unyevu. Harufu ya matoke lakini, jamani. Nilikuwa nimeisahau. Kuna mwanajeshi alikuja jikoni kuuliza kama nimebadilisha mpishi.

Iliyonishinda ni chakula cha kubeba. Niliandika kwenye ubao: ukija na chombo chako unapunguziwa 200. Wanajeshi wakaja na mestini zao, hao hawana shida. Mafundi wa jengo wamenunua birika moja la pamoja kwa ajili ya chai. Lakini abiria wa taksi hana chombo, dereva anapiga honi, anataka maharage yake sasa hivi. Huyo nimekubaliana naye nusu: maharage makavu kidogo naweka kwenye jani nikakunja, halafu jani ndilo linaloingia kwenye kavera. Mchuzi wa karanga simfungii tena. Wawili wamenuna wakaenda kwa jirani. Jirani anawafungia.

Yule wa boda aliyenicheka hapo juu, nimegundua ni wa stendi yetu. Amekuja na kopo la aiskrimu la plastiki anataka nimtilie mchuzi, na punguzo lake la 200. Nimegeuza kitako, ni namba 5. Nimempa.

Mzee naye amerudi. Alifungua matoke kwa uma polepole, akatazama chini, akatazama juu, kama anatafuta sindano. Nikamwambia mzee kula, mfuko leo unauzwa mbali.

Fundi, swali la mwisho. Kati ya zile jerikeni sita, nne zina namba 2 na nembo ya mafuta ya kupikia bado inasomeka. Moja ni ya bluu, haina namba, nilipewa bure. Ya sita ina namba 2, lakini nimefanya ulivyosema, nimeiweka juani na mfuniko, nilipofungua kuna harufu ya mbali, si sabuni, si mafuta ya taa, sijui niiteje, inachoma puani kidogo. Nimekuwa nikipikia maji yake mwaka mzima. Niiloweke na nini?

FundiMashine, Jinja

Usiiloweke na kitu. Itoboe, Hajati, tundu kubwa, ili asije mwingine akaiokota akachotea maji. Usiichome. Ya bluu isiyo na namba, weka maji ya kuoshea miguu na kumwagia vumbi mbele ya kibanda. Zile nne ziweke kivulini, jua linazichakaza zinaanza kumenyeka kama ngozi, na ukiona ndani zimeanza kukwaruza kidole, zamu yao imekwisha.

Na yule wa aiskrimu mwambie namba 5 au siyo namba 5, asubiri mchuzi upoe.